Adapta ya Land Rover ya Mama Sharifu

Newala, Jumatatu, 4 Julai 1994

Nimepata kazi. Nimeipata kwa uongo, naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Mama Sharifu ameleta Land Rover yake ya kuchotea maji bondeni. Injini na giaboksi amefungiwa za pikapu ya Kijapani, hizi zinazoingia kwa wingi tangu biashara ilipofunguliwa. Transfa, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, imebaki ya Land Rover. Vitu hivi viwili havishikani bila adapta, yaani bamba nene la chuma lenye matundu ya bolti. Bila adapta gari halisogei, na bomba la mtaani lina mwezi halijatoa tone. Jumamosi mwanawe anatoka jandoni. Wageni mia mbili!

Alitaka kwenda Ndanda kwa fundi Cecil. Nikamwambia Cecil ana foleni ya wiki tatu. Akauliza kama nimewahi kutengeneza adapta. Nikasema nimesahau idadi. Sijatengeneza hata moja.

Jumanne, 5 Julai

Mashine ya kukereza ninayo. Vipimo ndivyo nisivyokuwa navyo. Nikapanda lori la mihogo alfajiri mpaka Ndanda, maana Cecil ametundika ukutani adapta ya aina ileile, ya akiba.

Cecil ni Mmakua, mimi Mmakonde. Watani. Alianza kunitukana kabla sijashuka kwenye lori. Nikasema nimepita kumsalimia tu. Akaenda mwenyewe kuninunulia chai na maandazi. Alipotoka nikaishusha adapta, nikaweka katoni ya sabuni juu yake na kusugua kwa kidole chenye grisi mpaka matundu yote manane yakajichora. Nikairudisha.

Maandazi nilikula matatu. Katoni niliificha ndani ya shati.

Alhamisi, 7 Julai

Siku mbili za kukereza na kutoboa. Matundu ya katoni nilikata kwa wembe, kisha nikageuzia upande wa grisi chini ili katoni inate kwenye bamba isicheze. Akili hiyo! Sijui kama Cecil anaijua.

Mke wangu, Winfrida, ameuliza mbona sijaijaribisha kwenye gari. Nikamwambia aangalie mboga yake. Baadaye niliona vibaya.

Ijumaa, 8 Julai

Aibu. Mama Sharifu alikuja asubuhi na mapipa matano. Matundu mawili yalikubali, sita yakakataa. Nikapiga nyundo. Nikamwambia chuma bado kigeni, kinahitaji kuzoea. Akakaa juu ya pipa, akajifunika uso kwa kanga. Wageni wa mbali walikuwa wameshaanza kufika kwake.

Saa saba akatokea Cecil na kiroba begani. Alikuwa ameona alama za vidole vyangu kwenye adapta yake. Mbele ya Mama Sharifu akasema ameniletea kile kifaa changu nilichokisahau Ndanda. Hakunitania hata neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tulipolala chini ya gari kufunga adapta yake akaninong'oneza kwamba niligeuza katoni, ndiyo maana matundu ya kulia yamehamia kushoto. Akasema ningeomba tu, angenipa. Machozi yalinitoka. Nikasingizia oili.

Alasiri Land Rover ilikuwa bondeni.

Jumamosi, 9 Julai

Maji yametosha, hata ya kuogea wageni. Watoto wametoka jandoni na nguo mpya, na kila mmoja akapewa jina jipya kama ilivyo desturi. Zamu ya Sharifu ilipofika, mjomba wake alisimama akasema mtoto atachukua jina la fundi aliyewaletea maji.

Majaliwa. Jina langu.

Watu wakanigeukia, wakanisubiri niseme neno. Nilimtazama Cecil, ambaye naye alikuwa amealikwa. Alikuwa anapiga makofi. Nilijua kabisa jina la kutaja. Nikasema nashukuru sana.

Kwa hiyo kuanzia leo yule mama anaitwa Mama Majaliwa. Nimesikia wanawake wakimwita hivyo mara kumi, na kila mara nilitamani ardhi ipasuke. Wali sikuugusa.

Nilipoaga, mjomba akanifuata hadi njiani. Ana trekta, giaboksi imekufa. Akauliza kama mambo ya trekta nayajua. Sijawahi kufungua trekta maishani mwangu. Nimemwambia ailete Jumatatu, ni kazi ya siku mbili.