Fulana ya Dereva Kimbunga

Jumatatu, 4 Mei

Nimenunua daftari hili ili nitubu. Mke wangu anasema mtu akiandika makosa yake kila siku atayaona yamepanga foleni, na huenda akaona haya. Nimekubali kujaribu. Nina miaka hamsini na mbili, ni dobi wa hoteli, na makosa ninayo ya kujaza daftari.

Kosa la leo. Timu Nyeupe ya mbio za magari imefikia hotelini kwetu. Kila mwenye mdomo anabishana kama dereva wao, yule anayeitwa Kimbunga, atabaki Nyeupe au atahamia Timu ya Kijani. Na nani kaletewa fulana ya Kimbunga aifue? Mimi! Nyeupe pe pe pe, nembo ya timu kifuani, kijitambaa cha namba ya chumba kimebanwa shingoni. Sheria ya kufulia kwetu ni moja: nyeupe hufuliwa peke yake. Lakini nilikuwa na haraka ya kuwahi kwa kinyozi nikabishane habari za Kimbunga. Nikaitumbukiza kwenye mashine pamoja na taulo mpya za bwawa la kuogelea.

Taulo za kijani.

Imetoka kijani. Si kijani cha kubahatisha. Kijani cha chura! Nikaimwagia dawa ya madoa. Rangi haikutikisika. Kilichobanduka ni nembo.

Mara Mama Pasi huyo. Yeye ndiye mpiga pasi wetu, miaka kumi na tisa sasa, na pasi hiyo ndiyo inayolea wajukuu wake watatu. Akauliza, shemeji, fulana ya kijani yenye namba ya chumba cha Kimbunga imetoka wapi? Ukweli ulihitaji neno moja tu: nimeiharibu. Uongo ulihitaji maneno mengi, lakini ulikuja wenyewe bila kuitwa. Nikamwambia ni ya Kimbunga mwenyewe, anahamia Kijani, wamempa aijaribu, ni siri kubwa. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa. Kisha akaipiga pasi vizuri ajabu, mpaka makwapa.

Nikaificha chini ya mashuka. Kimbunga nikamtumia ujumbe kwamba fulana yake bado mbichi.

Jumanne, 5 Mei

Leo sikusema uongo mpya. Nilirudia wa jana tu.

Kinyozi wa mtaani kwetu tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kukiri kwamba kuna kitu hakijui. Ni mwaka wa tatu huu hajaniacha nimalize sentensi. Leo alikuwa anahutubia, mkasi mkononi: Kimbunga haendi popote, anayesema anakwenda Kijani akapimwe kichwa. Watu saba kwenye benchi, wote wanaitikia kama wamelipwa. Akanigeukia, akauliza huko kwenye mapovu wanasemaje. Wakacheka, mmoja mpaka akakohoa.

Ningeweza kunyamaza. Naandika hivyo ili ionekane nililifikiria. Nikasema, taratibu, kwamba fulana ya kijani ya Kimbunga nimeishika kwa mikono yangu hii. Mteja alibaki na ndevu nusu. Nikaulizwa maswali, nikayajibu yote, hata yale nisiyoyajua. Profesa mwenyewe akanisogezea kile kiti cha kuzunguka. Nilizunguka mara mbili.

Mungu anisamehe, nimefurahi sana.

Jumatano, 6 Mei

Redioni asubuhi: chanzo cha kuaminika kutoka hotelini kinasema Kimbunga ameshapewa fulana ya Kijani. Chanzo cha kuaminika! Nina miaka ishirini na sita ya ndoa, sijawahi kuitwa hivyo ndani ya nyumba yangu. Nikaongeza sauti. Mke wangu akasema huyo chanzo ni mmbea kama wambea wengine, na aliyemzaa ana kazi. Nikanywa chai yangu.

Kazini, moto! Meneja wa Timu Nyeupe amepiga meza mpaka glasi zikaruka. Waandishi wamejaa mapokezi. Msimamizi wetu ni Bosi Koti, tunamwita hivyo kwa lile koti lake jeupe ambalo halijawahi kukutana na kazi. Akatupanga mstari. Akasema dobi akishaona nguo ya mgeni, amekwisha ona siri ya mgeni. Aliyeitoa siri nje atafukuzwa Jumamosi. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko kuliko wote. Bosi Koti akasema angekuwa na watu watano wenye uchungu kama wangu, hoteli ingefika mbali.

Alhamisi, 7 Mei

Mkosaji amepatikana. Si mimi.

Msafisha vyumba mmoja amesema Jumatatu alimwona Mama Pasi anapiga pasi fulana ya kijani. Bosi Koti akamuuliza ilikuwa ya nani. Kimya. Umemwambia nani? Hakuna mtu. Nani alikuletea? Kimya. Kumbe kiapo cha mwanamke huyu kina mifupa! Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimekumbatia kikapu cha soksi. Akanitazama mara moja tu. Halafu akaitazama pasi. Amesimamishwa mpaka Jumamosi, na siku hiyo atafukuzwa. Kabla ya kutoka aliizima pasi, akakunja waya wake polepole, kama anayefunga mzigo wa safari.

Sikusema kitu. Soksi nazo hazikusema kitu.

Nikajiambia majuto hayasaidii, tuliza akili. Nyeupe ikipatikana, basi ya kijani haijawahi kuwepo! Mama Pasi hana kesi! Nimekuja nyumbani, nikachukua fulana yangu nyeupe ya kutokea, nikashonea ile nembo iliyobanduka, nikarudi mbio kuiweka mlangoni kwa Kimbunga. Wakati mwingine najiogopa kwa akili.

Ijumaa, 8 Mei

Kimbunga ni mtu mdogo, mwembamba kama ufito. Magari yale hayana nafasi ya tumbo. Mimi tumbo ninalo.

Alipiga simu kufulia, kwa adabu zote, akauliza kama fulana yake ina mimba. Tena inanuka vitunguu. Bosi Koti kapiga hesabu zake: Mama Pasi kaiba ya kweli, kaacha ya bandia. Jana alikuwa na kosa moja. Leo ana mawili. Yote mawili yangu.

Jioni mke wangu alikwenda kumjulia hali Mama Pasi. Ndiye aliyekaa naye wiki nzima hospitalini mwanetu wa mwisho alipolazwa. Akarudi hajavua hata viatu. Akasema wajukuu wanauliza kwa nini bibi yuko nyumbani siku ya kazi, na bibi anawaambia pasi imeharibika. Akasema hajamtaja mtu. Hata kwake hakumtaja. Halafu akafungua kabati, akauliza fulana yangu nyeupe iko wapi.

Miaka ishirini na sita. Sikuhitaji kujibu.

Akakaa kitandani. Akasema, "Baba watoto, mwenzako kajitwisha mzigo wako na hata shingo hajalalamika. Kesho ama useme wewe, ama niingie mimi hotelini. Kwa mlango wa mbele."

Mlango wa mbele! Huko wafanyakazi hatupiti.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeungama! Ofisini kwa Bosi Koti, mbele ya meneja wa timu na Kimbunga mwenyewe. Mama Pasi kasimama karibu na mlango, mkoba mkononi, tayari kuondoka. Nimesema yote: taulo, dawa, kinyozi, kiti cha kuzunguka. Nikalia kidogo.

Hakuna aliyeniamini.

Bosi Koti alinishika bega. Akasema najitoa kwa ajili ya mama wa watu, huo ni utu, lakini dobi wa miaka kumi na minne hawezi kufua nyeupe na kijani pamoja. Mjinga wa kiasi hicho hayupo. Nikasema yupo. Akasema hayupo. Nikaapa kwamba yupo! Ndipo Mama Pasi akafungua mdomo mbele ya Bosi mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Yupo, bosi. Huyu shemeji anaweza kabisa." Sijawahi kutetewa vile maishani.

Nikasema nitathibitisha. Tukashuka wote kufulia. Taulo za kijani zilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cheupe. Nikachukua cheupe cha karibu, kilichokuwa kimetundikwa nyuma ya mlango. Mashine ikazunguka, sote tumeikodolea macho kama fainali. Ikasimama. Nikavuta. Koti la Bosi! Kijani cha chura! Nilishangilia kwa mikono miwili juu. Nilishangilia peke yangu.

Mama Pasi karudishiwa kazi palepale. Mimi nilikuwa natimuliwa, Bosi ameshanyoosha kidole mlangoni, Mama Pasi akasema atanidhamini. Siri ya mgeni ikitoka tena kinywani mwangu, tufukuzwe wote wawili. Ikaandikwa. Akatia sahihi bila kunitazama. Nimehamishiwa matambara ya jikoni.

Kimbunga alikuwa amecheka mpaka kashika ukuta. Wenzake walipotoka akanivuta pembeni. Akasema mtu anayeweza kukiri ujinga kama ule mbele za watu hawezi kuficha kitu kibaya, kwa hiyo ananiambia mimi, apumue. Kweli anahama. Lakini si Kijani. Timu ya Njano! Watatangaza Ijumaa. Hata meneja wake hajui.

Nimeapa. Njano nitazikwa nayo.

Jumapili, 10 Mei

Sijakwenda kwa kinyozi. Nimefika mlango wa nje mara nne, nimerudi mara nne. Siri imenijaa mdomoni, mke wangu ameuliza kama jino linauma.

Mchana Mama Pasi kanirudishia fulana yangu. Nembo kaifumua, vitunguu kaviondoa, kaipiga pasi ikakunjika kama kitabu. Hakuacha ujumbe wowote. Nimeishika muda mrefu. Mtu kama huyu hatupwi mara mbili. Naandika kwa herufi kubwa: SIMWANGUSHI.

Jumatatu, 11 Mei

Nimekwenda kwa kinyozi. Nywele huota, hilo halina dhambi.

Kumbe redio imeshaomba radhi kwa wasikilizaji. Profesa alinipokea kwa makofi. Karibu Chanzo! Mpisheni Chanzo, ana mapovu masikioni! Benchi zima likalia kwa kicheko. Akasema hata kifungo cha Kimbunga sijawahi kukigusa. Nikanyamaza. Akasema Kimbunga atazeeka Nyeupe, atafia Nyeupe, na wajukuu zake wataendesha Nyeupe. Nikanyamaza. Akasema watu wengine Mungu kawapa masikio ya kushikia kofia tu.

Natamka mbele ya daftari hili: sikusema neno.

Nilitoka nje, nikanunua ndizi moja, iliyoiva barabara, njano isiyo na doa. Nikarudi kuketi. Nikaiinua kidogo, kila mtu aione. Nikaimenya taratibu sana. Nikamkonyeza Profesa. Nikauma.

Mkasi ulisimama. Mtu mmoja kwenye benchi akasema, "Njano?" Yeye ndiye aliyesema. Mimi nilikuwa natafuna.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Redio imetaja Timu ya Njano mara tatu, na wanasema habari imetoka kwa dobi wa hoteli. Mke wangu kaizima, kanikazia macho. Mlangoni kuna hodi. Ni Mama Pasi, na leo habishi kwa vidole, anabisha kwa ngumi.

Nitamwelewesha. Dhamana yake inasema kinywani mwangu kisitoke kitu, na hakikutoka. Kiliingia.