Mtihani wa Daraja la Kioo

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba picha ilikuwa imebandikwa kichwa chini. Milima ya Zhangjiajie, huko Hunan, Uchina, ilining'inia kutoka angani kama soksi kwenye kamba. Sikusema, kwa kuwa aliyeibandika ni Mwenyekiti mwenyewe, Mzee Abdulhakim wa Tanga. Akaielekezea fimbo na kutangaza:

"Ndugu zangu wa Mount Druitt! Kuanzia leo tuna milima!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi, maana mtaa wetu huu wa ughaibuni una mlima kwenye jina tu. Nami nilipiga, baada ya kuweka birika chini.

Chama cha majirani zetu Wachina kilikuwa kimeipa jumuiya yetu ya Waafrika nafasi moja ya safari ya bure, kwenda kuona nguzo za mawe zinazotoboa ukungu, na daraja la kioo lililo juu ya bonde, mita mia tatu. Kura ilipigwa Jumapili. Likatoka jina langu: Fawzia, mpika chai.

"Matokeo tumeyapokea kwa furaha," alisema Mwenyekiti, "ila hayajaiva."

Kwa busara hiyo ikaundwa Kamati ya Kuivisha Matokeo. Wajumbe walikuwa watatu: Mwenyekiti, Mwenyekiti kwa niaba ya vijana, na Mama Honorine, kwa sababu ana meza ya kioo. Kamati iligundua kwamba msafiri anaweza kuliogopa daraja na kuliaibisha bara zima. Ikaamua apewe mtihani. Akishindwa, nafasi iende kwa mtu mwenye uzoefu wa milima. Mwenyekiti aliwahi kulala Lushoto siku mbili.

Jumamosi meza ya Mama Honorine ikawekwa katikati ya ukumbi, na chini yake picha ya bonde. Meza yenyewe ilifika chini kidogo ya goti. Tulielezwa kwamba, kitaalamu, goti na mita mia tatu hutofautiana kwa idadi tu.

"Kiongozi hutangulia," alisema Mwenyekiti. Akavua makubadhi, akapanda. Kisha akatazama chini.

Magoti yake yakaanza kikao chao.

"Mzee, uko sawa?" aliuliza Tevin, nesi wetu kutoka Kisumu.

"Natathmini."

"Lakini unatetemeka, mzee."

"Ni upepo."

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Papa Président, shuka basi!" alisihi Mama Honorine. "Juu ya hiyo meza tunaweka chai kila siku, na hata kikombe hakijalia!"

Mwenyekiti akalala kifudifudi, akakumbatia ukingo wa meza, akaagiza kikao kiendelee. Tukamaliza ajenda mbili. Ya tatu ilikuwa yeye.

"Fawzia, mwanangu," akanong'ona, "nipe mkono."

Nikampa. Akashuka mguu mmoja mmoja, kwa itifaki.

Kisha nikapanda mimi, sinia mkononi. Nikatazama chini. Palikuwa pazuri sana. Nikavuka kwa hatua tatu, nikashuka, nikagawa chai.

Mwenyekiti alipokwisha kuvaa makubadhi, sauti yake ilirudi.

"Kamati imeridhika kwamba daraja ni hatari kwa binti. Mzigo huu wa safari nitaubeba mimi, kwa uchungu, na picha nitawaletea. Fawzia, huna neno, sivyo?"

Kwa miaka mitatu, neno langu pekee katika ukumbi ule lilikuwa "Sukari?"

"Ninalo, Mwenyekiti," nikasema. "Nakwenda mimi. Na nisipokuwepo, chai utapika wewe."