Masharubu na Taa ya Mezani

Jumamosi, 8 Juni
Limeingia! Tangi la samaki la wifi yangu, sebuleni kwetu, juu ya kabati la viatu. Saluni yake inapakwa rangi, na samaki hawapatani na ile harufu. Wamo sita, wa kukaa chini chini, wembamba kama vidole vya mwanangu, wana masharubu. Mkubwa wao nimempa jina Masharubu.

Wifi kaniambia: taa kidogo, chakula kidogo, mikono mbali. Akirudi Jumapili ya tarehe 16 akute maji meupe, mimea imesimama na samaki wote wazima, tangi letu. La sivyo, linarudi saluni. Kisha akanitazama juu mpaka chini, kama anatazama nywele zilizoungua.

Kibonge wangu anaota meno. Wiki nzima hajalala mchana. Leo kamwona Masharubu, kanyamaza, kalala. Machozi yamenitoka. Tangi hili haliondoki!

Jumapili, 9 Juni
Mimea ni midogo mno, inatia huruma. Wifi ni mchoyo wa taa, ndiyo maana. Nimesogeza tangi dirishani, nimewasha na taa ya mezani ya baba Kibonge, kutwa kucha. Chakula pia nimeongeza. Nimepanda na mchicha mle mchangani. Wifi atashangaa!

Jumanne, 11 Juni
Kijani! Ila si mimea. Ni kioo. Kimeota utando, unateleza kama bamia. Mchicha umeoza. Masharubu na wenzake wanachimba mchanga kama mafundi bomba, mimea yote imeng'oka, inaelea. Nimeifunga kwenye vijiko, nikavifukia vijiko. Baba Kibonge kauliza leo chai tunakorogea nini. Nikamwambia mapenzi. Hakucheka.

Mama Pacha wa mlango wa pili kachungulia. Kauliza nafuga samaki au nachemsha supu ya mboga. Yeye ana konokono kwenye chupa, eti wanalamba kijani chote. Kaniazima wanne. Kasisitiza niwatunze, ni kama wanawe.

Jumatano, 12 Juni
Konokono wamekwisha. Masharubu kawafyonza mmoja mmoja, Kibonge anapiga makofi. Mama Pacha kauliza wanawe hawajambo. Nimejibu wamepokewa vizuri mno.

Baadaye, msiba. Masharubu kalala ubavu, kimya. Kafa! Nimelia mpaka baba Kibonge kaja kunishika bega. Nimemtoa kwa upawa, kiboksi cha kiberiti tayari, nikamfikiria Kibonge na usingizi wake. Mara, ruka! Akatua kwenye beseni alimokuwa anaoga Kibonge. Bahati sabuni sikuwa nimetia. Mtoto kacheka hadi kwikwi. Nimemrudisha tangini; kumbe samaki hawa ndivyo wanavyolala. Baba Kibonge kasema hajawahi kuona maiti yenye haraka hivyo. Kachukua taa yake, kaondoka nayo.

Kabla sijakausha sakafu, hodi! Mama Pacha, kaja kuwasalimia wanawe. Nimelirushia tangi blanketi. Nikamwambia kuna homa ya samaki, mwanga unawaumiza macho. Kasema pole, kesho atapita tena.

Alhamisi, 13 Juni
Kapita mara mbili. Blanketi halitoki.

Ijumaa, 14 Juni
Kapita. Kauliza homa gani hii isiyopoa. Sijathubutu kufunua hata kuwalisha. Wifi atakuta supu, mimi najua. Kibonge analala kwa kusikiliza pampu ya hewa inavyobubujika, mkono wake kwenye blanketi. Nimemwomba msamaha akiwa usingizini.

Jumapili, 16 Juni
Wifi kaja. Sikupata hata nafasi ya kujitetea, kalivuta blanketi kama anamfungua mteja taulo. Nikafumba macho.

Maji meupe! Meupe pe! Mimea imepauka kidogo lakini imesimama, vijiko vimeishika barabara. Samaki sita, njaa imewakolea, wazima. Wifi kauliza nani kanifundisha kufunika. Eti kijani kikikosa mwanga siku tatu nne kinakufa, na hiyo ndiyo dawa anayotumia yeye. Kanikumbatia, kasema kumbe wifi yake ana akili. Tangi letu!

Mama Pacha naye kaingia na vifijo. Kainama. Kaona magamba manne matupu ya konokono. Kaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 17 Juni
Nimewaza sana. Kama gizani, na njaa juu, mimea imesimama vile, je, ikipata mwanga wa kutosha? Wifi ni mtaalamu wa nywele, si wa mimea. Tangi nimelisogeza karibu zaidi na dirisha. Taa ya mezani nimeichukua tena, na ile ya chumbani nimeiongeza. Chakula nimewapa viganja viwili, cha leo na cha siku walizofunga.

Kibonge kalala fofofo. Nyumba tulivu, moyo wangu mweupe kama yale maji.

Ngoja. Masharubu kalala ubavu. Hatikisiki kabisa. Safari hii kafa kweli, maskini! Upawa uko wapi?