Azimio la Kulirudishia Heshima Jina la O'Tarvan

Umma wa parokia ya Ardvarna unatangaziwa, kwa mara ya mwisho, kwamba Kamati ya Asili, Historia na Heshima ya Jina la O'Tarvan imefanikiwa kwa asilimia mia moja. Mimi, Fintan O'Tarvan, ndiye katibu niliyeandika kumbukumbu zote. Yanayosemwa kule baa ni ya watu wasio na wadhifa.

Ieleweke kwamba hapa karibu kila mtu ni O'Tarvan. Tarishi ni O'Tarvan, padri ni O'Tarvan, na yule mwizi wa kuku wa mwaka juzi alikuwa O'Tarvan, kama alivyokuwa hakimu wake. Ili barua zisipotee, kila nyumba ina jina lake la utani linalorithiwa: kuna wa Mlango, wa Fahali, wa Ndoo. Yalikoanzia hakuna ajuaye. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Cathal O'Tarvan, diwani na mwenye hoteli, ni wa Ndoo, na jina hilo lilimkera tangu utoto. Shuleni aliitwa Ndoo. Kwenye kampeni aliitwa Ndoo. Siku ya harusi yake kuna mtu alimletea zawadi ya ndoo, tena imefungwa utepe.

Kwa hiyo Azimio Namba Moja lilifuta majina yote ya utani kwa kuwa ni ya kihuni. Azimio Namba Mbili lilitamka kwamba wa kwanza kuitwa O'Tarvan alikuwa mfalme. Mfalme gani, tulikubaliana kwamba utafiti utafuata. Kwa kuwa katika Kigaeli, lugha yetu ya asili, jina hilo linatokana na fahali, Mwenyekiti alifafanua kwamba mfalme huyo alikuwa na nguvu za fahali. Wajumbe waliitazama shingo ya Mwenyekiti, wakaafiki.

Azimio Namba Tatu ndilo lililoleta maneno. Kilima cha Ardvarna kilitangazwa kuwa kiti cha mfalme na, kwa sababu hiyo, mali ya Mkuu wa Jina, yaani kiongozi wa ukoo, cheo alichojitengea Mwenyekiti. Mkuu huyo angesimikwa Jumapili ya kwanza ya Agosti, mbele ya akina O'Tarvan mia mbili kutoka Boston, ambao kwa bahati njema wote walikuwa wamelipia vyumba katika hoteli ya Mwenyekiti. Kasoro ilikuwa moja tu. Juu ya kilima aliishi Bibi Nuala wa nyumba ya Fahali, mjane wa miaka sabini na minane, pamoja na fahali wake mweusi. Hati hana. Watu wa kwao wameishi pale tangu zamani, basi.

Mimi na Mwenyekiti tulipanda kumpelekea notisi. Mvua ilikuwa inanyesha, naye alitupokea getini na sepetu mkononi.

"Bibi Nuala," nikasema, "Kamati inakuomba uhame kwa hiari kabla ya Jumapili."

"Na nisipotaka?"

"Utahamishwa kwa hiari ya Kamati."

Akamgeukia Mwenyekiti. "Wewe Ndoo, mama yako anajua umekuja huku?"

"Majina ya utani yamefutwa, Bibi."

"Yamefutwa na nani?"

"Na mimi."

"Makubwa! Na huyu fahali nimlaze wapi, kitandani kwako?"

"Muuze. Nani siku hizi anahangaika na fahali? Mbegu za ng'ombe zinakuja kwenye chupa."

Bibi akaiegemeza sepetu getini. Alipofungua kinywa tena sauti ilikuwa imepungua. "Cathal, mimi nimezaliwa nyumba hii. Jeneza la mume wangu lilitokea mlango huu. Mkinitoa hapa mnaniua, na nitakufa nawataja mmoja mmoja."

Niliandika kwenye kumbukumbu kwamba mhusika alipokea notisi kwa moyo mkunjufu. Usiku huo sikula vizuri, lakini hilo halikuwa kwenye ajenda.

Ili shughuli iwe ya kitaalamu, tuliomba tuletewe kitabu cha kale cha parokia, kinachohifadhiwa Dublin. Azimio Namba Nne likaagiza kwamba kila kilichoandikwa humo kuhusu jina letu kirudishwe na kutekelezwa kama kilivyo, bila kupunguza neno, na nyumba itakayokaidi ifukuzwe parokiani. Tulilipitisha kwa kauli moja na kupigiana makofi. Hakuna aliyekuwa amekisoma. Kimeandikwa kwa Kigaeli cha kale, lugha tunayojivunia mno kiasi kwamba hatujawahi kupata nafasi ya kujifunza. Profesa Sorcha Devane, aliyekileta, alitaka kutueleza mapema yaliyomo. Mwenyekiti alimkatalia, kwa sababu alitaka machozi yake mbele ya kamera yawe ya kweli.

Jumapili ikafika, tukakusanyika kilimani. Mwenyekiti alivaa joho la kijani. Bibi Nuala alikaa pembeni juu ya sanduku lake la nguo, akisubiri kufukuzwa rasmi. Profesa akavaa miwani, akasoma na kutafsiri.

"'Mtu wa kwanza wa jina hili alikuwa mkimbizi wa vita, hana ng'ombe, hana ndugu. Abati, mkuu wa watawa, akamhurumia, akampa kazi ya kumtunza fahali wa parokia, akamwita kwa kazi hiyo. Kilima hiki ni malisho ya fahali. Amlishaye ndiye atakayekaa juu yake, yeye na kizazi chake, maadamu fahali yupo.'"

"Profesa," Mwenyekiti akanong'ona, "ruka hapo. Nenda kwa mfalme."

"Mfalme hayumo, Mheshimiwa. Kuna wana watatu tu."

"Ehee! Wasome hao!"

"'Mkubwa atamlisha fahali. Wa pili atamfungulia mlango asubuhi na kuufunga jioni. Na wa mwisho, kwa kuwa ni mvivu na ana maneno mengi, atabeba ndoo: maji akienda, mavi akirudi, kila siku ya Mungu, yeye na kizazi chake.'"

Kisha mtu nyuma kabisa akapaza sauti: "Ndooo!"

Watu walicheka mpaka padri akashika ukuta. Bibi Nuala hakucheka. Aliinuka juu ya sanduku lake, akanijia.

"Fintan mwanangu, hebu nisomee lile Azimio Namba Nne."

Mimi ni mtu wa taratibu. Nikasoma, bila kupunguza neno.

"Lifute!" Mwenyekiti akafoka.

"Azimio hufutwa na mkutano wa parokia nzima, Mheshimiwa, kwa notisi ya siku tisini. Kanuni hiyo uliidai wewe."

"Na nyumba itakayokaidi?" Bibi akauliza.

"Inafukuzwa, Bibi. Pamoja na hoteli."

Ndoo haikutafutwa mbali. Mke wa Mwenyekiti aliikimbilia nyumbani ile ya harusi, na utepe wake bado upo. Watu wa Boston walipiga picha nyingi sana.

Siku tisini zilipotimia, mkutano uliitishwa. Waliotaka Azimio lifutwe walikuwa mmoja. Waliolikataa ombi hilo walikuwa mia tatu na kumi, nikiwemo mimi, na sijawahi kunyoosha mkono kwa furaha kama siku ile.

Sasa kila asubuhi napanda kilimani kumfungulia fahali, maana sisi ni wa Mlango. Mwenyekiti hupita mbele yangu na mzigo wake, hasemi na mtu. Na Bibi Nuala, mwenye kilima na kwa hiyo Mkuu wa Jina la O'Tarvan, husimama kizingitini kwake na kikombe cha chai, akiichungulia ndoo.

"Umemwaga, Mheshimiwa. Rudia."