Mikono ya Kwenda Bukama

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Wiki ya tano, hakuna treni. Vita vimechukua injini zote. Mimi karani wa tiketi nimebaki na dirisha na mhuri. Mke wangu Mwadi bado yuko Bukama, alikokwenda kumzika shangazi yake. Hakuna barua. Siku anaondoka alijitwika furushi lake mwenyewe hadi kwenye behewa. Mimi nilisema naumwa mgongo. Mgongo ulikuwa mzima.

Leo, habari! Shefu Xavier, mkuu wa kituo, anapeleka Bukama dresina, kile kigari cha reli kinachokwenda kwa kusukuma mpini. Watu wanne. Watatu anao. Nafasi moja! Inataka mikono, na mtihani ni Jumamosi.

Nina miaka arobaini na saba, na mikono ya kupiga mhuri. Siku tano zinatosha.

Jumanne, 8

Nyuma ya bohari kuna ekseli ya kigari cha zamani, magurudumu yake mawili bado yamo. Nimeinua mara thelathini, chapuchapu. Jasho! Kisha akaja mzee Matthias, mtu wa kupaka reli grisi, anayeitaka nafasi hiyohiyo. Mara sita tu, polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. Kushusha ndiko kulikomchukua muda: aliimba mstari mzima wa wimbo wa kuteremshia reli kabla magurudumu hayajagusa chini. Nikamhesabia kwa sauti. Thelathini kwa sita! Alifuta mikono, akaenda zake.

Alhamisi, 10

Arobaini na tano. Ajabu, mikono haiumi hata kidogo. Nikadhani nimekuwa chuma. Matthias akacheka hadi akakaa chini.

“Weye Papa Nico, haubebe kitu! Unakirusha, kinapanda chenyewe, mukono iko inakisindikiza tu, kama mugeni mpaka ku mulango.”

Akanishika kiwiko. Akasema nipandishe kwa kuhesabu hadi nne, nishushe kwa kuhesabu hadi nne, msuli usipewe nafasi ya kupumzika njiani. Mara ya tatu mikono ikatetemeka kama daraja treni inapopita. Hapo nikaelewa: anataka kunichosha kabla ya mtihani. Mjanja huyu!

Lakini lile neno la kusindikiza halijanitoka. Furushi la Mwadi nililisindikiza kwa macho.

Jumamosi, 12

Mtihani. Shefu akataka kila mtu ainue mara moja tu, kisha ashushe kwa mstari mmoja wa wimbo. Ndivyo watu wa reli wanavyofanya kazi: anayeachia kabla ya neno la mwisho huvunja vidole vya wenzake. Mara moja! Na arobaini na tano zangu je?

Nilipandisha kama umeme. Kushusha, nilifika neno la pili, ekseli ikaanguka. Shefu aliruka vizuri sana kwa mtu mwenye tumbo lile. Kopo lake la chai halikuruka.

Amechaguliwa Matthias. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama nina neno la kumpelekea mama Mwadi. Nilikuwa nayo mengi. Nikasema amwambie mgongo umepona.

Ijumaa, 18

Wamerudi! Mwadi ameshuka kwenye dresina, mzima, amekonda, vumbi hadi kwenye nyusi. Matthias anasema amesukuma mpini zamu kwa zamu na wanaume, mlima wote kutoka Bukama, polepole, bila kuachia. Mwadi akanitazama.

“Papa Nico, banasema mugongo ilipona. Basi, beba.”

Furushi la samaki wakavu. Furaha ikanipanda. Nikalinyakua kwa pigo moja, mbele ya kituo kizima.

Kra!

Naandika nikiwa kifudifudi. Mwadi alilibeba mwenyewe, kisha akarudi kunibeba mimi, yeye upande huu, Matthias upande ule, wakiimba ule wimbo. Neno la mwisho ndilo lililonikuta kitandani. Hata ubao wa kitanda haukulia.

Nimewaza sana. Matthias yuko sahihi: siri ni polepole. Anasema inataka miezi mitatu. Nikianza Jumatatu, na nikiifanya hiyo polepole haraka haraka, Alhamisi nitakuwa nimemaliza.