Jedwali Nililolitoa Kichwani

Jumatatu, 6 Mei
Nimepata kadi! Katika idara nzima, ni mimi na Profesa Miwani tu tunaoruhusiwa kuingia chumba cha takwimu. Humo mna rekodi za shule za vijana, zimeunganishwa na rekodi za ajira, majina yamefutwa. Simu marufuku, kalamu marufuku. Mlinzi kanikagua mpaka soksi. Nilijiona waziri.

Jumatano, 8 Mei
Hasira! Hakuna jedwali linalotoka mpaka mkaguzi alipitie. Mama mkali huyo. Ati nisubiri wiki mbili, na semina ni keshokutwa! Miwani alipeleka yake mapema, mnafiki mkubwa. Nikamweleza mkaguzi kwamba mimi si mtu wa foleni. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Sawa. Kalamu wameninyima, kichwa je?

Alhamisi, 9 Mei
Nimelikariri jedwali zima kwa kulitungia wimbo. Nikambembelezea mtoto, akalala fofofo. Mke wangu akauliza ni baba gani anayemwimbia mwanawe asilimia. Baba mwenye akili, nikamwambia. Mkaguzi nimemwalika kwenye semina mwenyewe, aje aone chumba chake kinavyozaa matunda.

Ijumaa, 10 Mei
Leo nimewika! Majedwali ya Miwani yalijaa nyota: kila penye vijana wachache, mkaguzi kaficha idadi. Mimi sikuficha kitu. Nikaitaja hata shule ndogo kuliko zote wilayani: wavulana watatu waliacha masomo, wote hawana kazi. Mwalimu mkuu wao, aliyeketi mbele, akaropoka kwamba anawajua. Mama anayetugawia chai akaweka sinia mezani, akatoka analia. Kumbe mmoja ni mwanawe. Takwimu zangu ni sahihi kiasi hicho!

Mkaguzi akasimama kuuliza jedwali hilo aliliidhinisha lini. Nikamweleza mbinu yangu yote, kwa fahari.

Jumatatu, 13 Mei
Kadi wameichukua. Mkaguzi anasema vijana wale waliahidiwa siri, na nimwombe radhi yule mama wa chai. Nimemwandikia kwamba mwanawe ni mtu muhimu sana katika utafiti wangu. Hajajibu. Nadhani amezidiwa na furaha.

Tena natakiwa kurudia mafunzo ya usiri. Miwani kayapata mara moja tu, mimi mara mbili! Sasa nani bingwa wa kutunza siri? Jioni nimewasimulia majirani wote, na shule yenyewe nimewaelekeza ilipo.