Kaseti ya Bibi Marsiana

Jumatatu, 6 Machi 1995. Nyamiaga.
Bahati imenipata! Daktari Evarista, mtafiti wa lugha kutoka chuo kikuu, anakusanya sauti za wazee wanaosema Kihangaza, lugha yetu, aziingize kwenye kompyuta. Atakayemletea kaseti bora ya hadithi atapata nafasi ya kusomea isimu Dar es Salaam. Moja tu! Jirani yangu Telesfori amepanda lori kutafuta wazee mpaka Lusahunga. Mjinga. Mimi nina bibi yangu, Marsiana. Alifariki mwaka jana, wakimbizi walipoanza kujaa, lakini daktari hajui.

Jumanne, 7 Machi.
Nimerekodi. Nyumba ya Bibi, mchana kweupe, mlango nimeufunga, peke yangu. Nimejitanda khanga yake ili sauti yake inikae vizuri. Nikasimulia ya fisi na mkewe. Kasoro moja: kwetu msimulizi akitua, wasikilizaji huitikia, ndipo aendelee. Sikuwa na mtu. Kwa mazoea nikawa nanyamaza kila pa kuitikia. Nani atajali?

Jumatano, 8 Machi.
Nimeisikiliza. Mtu anaitikia! Kila niliponyamaza, yupo. Sauti ya mwanamke, ya karibu, ya mtu aliyeketi nami mkekani. Nikatoka mbio hadi mgombani. Nikakumbuka kaburi la Bibi liko hukohuko. Nikarudi mbio. Halafu akili ikanijia: Telesfori hana kaseti yenye mwitikiaji! Nimeipeleka.

Alhamisi, 9 Machi.
Nimpaye, dada Mrundi wa kambini anayemwandikia daktari maneno ya kaseti kwa kuwa Kirundi na Kihangaza hukaribiana, amegoma kuandika. Anasema mle mna bibi wa uongo na bibi wa kweli. Wa kweli amemwambia mwenzake kwamba fisi hafi pale, na kwamba Xavery, yaani mimi, avue khanga yake. Daktari akauliza bibi wa pili ni nani. Nikasema shangazi. Akafurahi mno, anamtaka Jumamosi asimulie yote. Nikasema shangazi ana aibu, nitaleta kaseti.

Ijumaa, 10 Machi.
Nimerudi kwa Bibi. Nimepiga magoti, nikasema shikamoo, nikawasha redio ya kurekodia, nikanyamaza upande mzima wa kaseti. Kisha nikasikiliza. Kimya. Kimya. Halafu: marahaba. Nililia, sina haja ya kuficha. Kumbe nilikuwa nimemkumbuka hivyo! Akasimulia hadithi yote, tamu, fisi akafa panapostahili. Mwishoni akauliza nikienda Dar ni nani atampalilia kaburi. Majani yamemfika kifuani, anasema. Swali hilo litaniharibia mbele ya daktari. Nimelifuta.

Jumamosi, 11 Machi.
Daktari ameicheza kaseti mbele ya watu wote. Hadithi haipo! Limebaki swali tu, mwanzo hadi mwisho wa kaseti, Bibi anauliza, anauliza, na kila mara yuko karibu zaidi. Nimpaye akatoka nje akisali. Daktari akaizima mwenyewe. Nafasi amepewa Telesfori, kwa kaseti ya mzee wa Lusahunga anayekohoa kuliko anavyosema!
Nimpaye amenisihi niende nikapalilie, niombe msamaha, niwaache wafu wapumzike. Ni kweli asemayo. Kesho nakwenda na jembe. Na redio pia. Daktari anarudi Juni na nafasi nyingine, na Babu amezikwa palepale pembeni. Alikuwa msimulizi hodari, wala hakuwa mkali kama Bibi.